Matofali Mangapi Chini ya Kitanda? Shajara ya ramani na simulizi za maji mtaani kwetu

17 Juni 2023. Barua kwanza

Kiangazi kimeshika, mtaro umekauka, na ukimtajia mtu mafuriko wakati huu anakutazama kana kwamba umemletea habari za msiba. Lakini hii ndiyo miezi ya kufanya kazi hii. Mvua ikishaanza kila mtu anabeba vyake, hakuna wa kusimama akajibu maswali yako.

Mtaa wetu uko bondeni, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam. Jina lake nililiandika hapa siku ya kwanza, baadaye nikalifuta. Sababu iko kwenye ingizo la Novemba. Tumechagua vichochoro vinne tu, nyumba 94, kuanzia barabarani hadi ukingo wa mto. Tumevipa namba: cha Kwanza kiko juu karibu na maduka, cha Nne ndicho kinachopakana na mto. Tuko sita. Watano tumekulia hapahapa, mmoja anasoma mipango miji.

Tunachokitaka ni kidogo. Mkutano wa mtaa unapokaa kuamua mtaro upi uzibuliwe au uchimbwe, anayesikika ni aliyefika, na wanaofika ni wenye nyumba na wenye maduka. Mpangaji wa uani saa hizo yuko kazini, au yupo lakini anaona mkutano si wake. Tunataka siku moja tuingie pale na ramani inayoonyesha maji yanaingia kwa nani, pamoja na sauti za hao wanaoingiliwa.

Jambo lenyewe hatukulibuni sisi. Kibera, Nairobi, walianza mwaka 2009, vijana wa pale wakitembea na vifaa vya GPS mahali ambapo ramani zilipaacha kama pori tupu, kisha wakaongeza habari za video walizopiga wenyewe. Hapa jijini, Tandale ilichorwa Agosti 2011 na wakazi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, na kuanzia 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani na wakazi, ikaingia kata nyingi kwa ajili hasa ya mafuriko. Matunda yao tunayala bure: nyumba zetu zimo tayari kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kila moja na umbo lake. Kazi yetu ni kugonga milango.

Barua mbili, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine kwa mtendaji wa kata, zilichukua wiki tatu. Swali tuliloulizwa zaidi ni "Nyie wa chama gani?" Neno "takwimu" tulilikwepa kwa makusudi. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa 2018 kwa namna iliyowatia watu hofu ya kutangaza hesabu zao wenyewe, kisha 2019 ikalegezwa, ila hofu hailegei haraka kama sheria. Kwenye barua tuliandika "kumbukumbu za wakazi kwa matumizi ya mkutano wa mtaa". Ikapita.

8 Julai 2023. Simu inadanganya vichochoroni

Tulipanga kila mtu atembee na simu yake, asimame mlangoni, abonyeze, nukta iingie kwenye fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso. Siku ya kwanza tukarudi na nukta 23. Nane zilikuwa ndani ya nyumba ya jirani, na mbili zilikuwa mtoni. Vichochoro vyetu vina upana wa mikono miwili ikinyooshwa, mabati yamekutana juu, na simu za bei yetu hazioni anga vya kutosha. Tukajaribu kusimama dakika tano kila mlango. Watu wakaanza kutuona wezi.

Tumerudi kwenye karatasi. Mwenzetu alichapisha maumbo ya nyumba kutoka OpenStreetMap kwenye karatasi za A3, tukaziandika namba kwa kalamu nyekundu huku tukitembea, na simu sasa kazi yake ni kujaza namba ya nyumba tu. Nyumba saba za kwenye ramani hazipo tena, kumi na moja zilizopo hazimo. Hizo tulizichora kwa mkono na jioni tukazipandisha mtandaoni, ili atakayekuja baada yetu asianze upya.

Steshenari: karatasi 12 kwa 1,500, vibao vinne vya kuandikia, penseli. Jumla shilingi 32,000. Anayetaka kuiga, aanze na karatasi. Simu akiziacha nyumbani hatazijutia.

19 Agosti 2023. Awamu ya kwanza imekwisha

Siku tisa, nyumba 88 kati ya 94 zimejibu. Posho 5,000 kwa mtu kwa siku, jumla 270,000. Nyumba 29 zimesema maji huingia. Tumefurahi, tumekunywa soda, mtu mmoja ameanza kupaka rangi kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani.

2 Septemba 2023. Awamu ya kwanza imekufa

Makosa mawili, moja la jedwali na moja la mlango.

La jedwali kwanza. Tuliuliza maji yalifika kina gani, na mwenzetu wa mipango miji akatoa wastani: sentimita 8 na nusu. Kina cha bakuli la mboga. Nani atachimba mtaro kwa ajili ya bakuli la mboga? Tulipofungua safu moja moja tukakuta nyumba zilizojibu kweli swali la kina ni 17 tu. Kumi na mbili zilikuwa zimesema "ndiyo, yanaingia" halafu muulizaji akaruka kina, na zile ambazo maji hayaingii nazo ziliachwa wazi. Jedwali likazigeuza zote kuwa sifuri. Asiyeulizwa, asiyejibu na asiyeingiliwa na maji, wote tukawapa sifuri ileile. Wastani wa hizo 17 peke yake ni sentimita 44. Sasa fomu yetu hairuhusu nafasi wazi: ni namba, au "hayaingii", au "hajui", au "sikuuliza". Hilo la mwisho vijana walilionea aibu, lakini ndilo linalotuonyesha pa kurudi.

La mlango lilituuma zaidi. Mwenzetu mmoja alikwenda kula kwa shangazi yake, mpangaji wa chumba cha uani kichochoro cha Tatu. Akamwambia nyumba yao imeandikwa "maji hayaingii", hongera. Shangazi akaweka kijiko chini. "Nani kawaambia?"

"Baba mwenye nyumba."

"Hayaingii *kwake*, mwanangu."

Tuliporudi kuangalia tukaona tulivyokuwa vipofu. Nyumba zetu nyingi ni za ukumbi katikati, vyumba pande mbili, mbele baraza, nyuma uani. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, na barazani ameinua ngazi mbili tatu za saruji. Kichochoro nacho kimekuwa kikimwagiwa kifusi kila mwaka, kinapanda. Uani hakuna aliyepainua. Kwa hiyo nyumba moja ina pande mbili: mbele kavu, nyuma bwawa. Na sisi tulikuwa tumegonga mlango wa mbele mara 88.

Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Hiyo milioni iliyoongezeka haikulala hewani. Mtaani kwetu naijua ilipolala: kwenye vyumba vya uani, vilivyojengwa kimoja kimoja pale palipokuwa na mchongoma na kamba za kuanikia. Dodoso letu lilikuwa limewaruka haohao tuliosema tunawatetea.

Tunarudia upya, chumba kwa chumba, saa moja jioni hadi saa tatu na wikendi, wapangaji wakiwa wamerudi. Ile 270,000 siiiti hasara yote. Nusu yake, labda.

23 Septemba 2023. Simulizi: tulikuwa tunaomba ombaomba

Kabla ya kurudi milangoni tulijaribu kurekodi sauti. Kumi na nne, kila moja dakika mbili tatu. Tulizisikiliza Ijumaa usiku na baada ya ya tano mtu akasinzia. Zote zilikuwa moja. "Kwa kweli sisi wananchi wa huku tunapata shida sana, tunaiomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma." Ukiweka simu mbele ya mtu wa kwetu ukamwuliza changamoto zake, anakupa taarifa ya habari. Redio imetufundisha kusema hivyo, na hatukumsaidia mtu kutoka humo.

Mwenzetu wa kike ndiye aliyepata ufunguo, na wala hakuwa anautafuta. Alichoka kuuliza "ulijisikiaje", akamwuliza mama mmoja anayeuza vitumbua: "Maji yalipoingia, kitu gani ulikinyanyua kwanza?"

Mama akacheka. Akasema unga wa mchele. Si godoro? Godoro ukilianika siku tatu linarudi, unga ukilowa ni mtaji umekwenda na maji. Kisha mtungi wa gesi, maana unaelea na kugonga ukuta na watoto wanaogopa ile sauti. Kisha godoro. Vyeti vya kuzaliwa viko kwenye mfuko wa plastiki msumarini juu ya mlango tangu 2018, haviteremshwi hata kwa kuandikishia shule, anapiga picha kwa simu. Dakika nne bila kuomba chochote kwa yeyote, na chumba kizima tulikiona.

Tangu hapo swali letu la kwanza ni hilo. Atakayeiga mradi huu, akiacha mengine yote achukue hili.

Mtu wa nne kuulizwa alikuwa fundi cherehani wa kichochoro cha Nne. Akajibu hanyanyui kitu, kila kitu chake kimeshanyanyuliwa. Akafunua shuka. Kila mguu wa kitanda umesimama juu ya matofali manne.

Tukatazamana. Tulikuwa tumehangaika wiki mbili na "goti" na "kiuno" (goti la nani? mama wa kichochoro cha Pili alisema kiuno akiwa anamwonyesha mwanawe wa miaka sita), na kumbe kipimo kiko chini ya kila kitanda, kimewekwa na mwenye chumba kwa akili zake, kwa gharama yake, na hakina sababu ya kutupendeza wala kutudanganya.

21 Oktoba 2023. Kuhesabu matofali

Awamu ya pili imekamilika. Siku kumi na moja za jioni, posho 330,000, tepu mbili 7,000. Vyumba 376 vyenye watu. Vilivyoingiliwa na maji masika iliyopita ni 189, vilivyomo ndani ya nyumba 61. Agosti tulikuwa tukisema nyumba 29.

Matofali nayo yana mitego yake, niyaandike ili mwingine asinase. Tofali la nchi tano likilazwa linainua nchi tano. Likisimamishwa linainua tisa. Siku mbili za mwanzo tuliandika "matofali matatu" bila kusema yamekaaje, ikabidi turudi vyumba 40. Wengine wana ndoo za rangi zilizojazwa zege, au stendi ya chuma waliyochomelea. Tukaacha kuhesabu tukaanza kupima: kutoka sakafuni hadi chini ya mguu wa kitanda, kwa sentimita. Na tunaomba kuonyeshwa na mwenye chumba mwenyewe, akiwa mwanamke anakwenda muulizaji wa kike. Kitanda cha mtu si cha kuinamiwa na kijana usiyemjua.

Lingine hatukulitegemea. Wapangaji kumi na sita walisema matofali waliyakuta. Hawajawahi kuona maji chumbani, wamehamia Juni. Aliyetangulia kayaacha, nao wakaona kuna maana. Mwanzoni tulitaka kuyatoa kwenye hesabu. Tumeyaacha, kwa alama yake. Kwenye mtaa ambako mtu anahama kila baada ya miezi sita, kumbukumbu ya maji inakaa na chumba.

Ramani ya matofali ikachorwa. Kichochoro cha Kwanza vitanda viko chini kama duniani kote. Ukishuka vinapanda. Cha Nne, vyumba 92, vyenye maji 71.

18 Novemba 2023. Kosa kubwa

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza El Niño, mvua za vuli zikaja na nguvu, tukataka kuwahi. Tulichapisha ramani kwenye turubai, 45,000, tukaitundika ukutani pa ofisi ya mtaa siku ya kikao cha maandalizi. Nyumba moja moja, rangi ya bluu kadiri maji yanavyozidi, na alama nyeusi penye choo kilichofurika. Tukakodi spika, 20,000, tukapiga simulizi sita.

Ndani ya saa moja baba mmoja alikuwa amesimama mbele ya turubai na kidole juu ya nyumba yake. "Mmeniandika mbovu. Nani atapanga kwangu?" Hakuwa mjinga, alikuwa anasoma ramani sawasawa. Tulikuwa tumemtangazia biashara yake.

Hilo lingepita. La pili halikupita. Kati ya simulizi tulizopiga, dada mmoja alieleza jinsi choo kinavyotapishwa kwao mvua ikianza usiku: kinatobolewa, kinyesi kinakwenda na maji, asubuhi kiko mlangoni kwa watu wa chini. Hili linajulikana, watu wa Kinondoni hawajasahau kipindupindu cha Agosti 2015, lakini halisemwi na jina. Hatukutaja jina lake. Sauti yake hatukuibadilisha, na kila mtu pale anamnunulia maandazi asubuhi. Jioni mwenye nyumba wake alimwambia atafute kwingine.

Tulikwenda na mjumbe usiku uleule kuomba radhi na kuomba abadili mawazo. Alitukaribisha kwa heshima, akatusikiliza, akakataa. Kodi ya dada ilikuwa imebaki miezi miwili, amerudishiwa mmoja. Wa pili tumeuchanga sisi, 50,000. Amehamia kichochoro cha Pili. Ananisalimia. Sijui angekuwa mwingine kama angenisalimia.

Ruhusa tulikuwa nayo, ya kurekodi. Hatukumwambia itapigwa wapi, lini, na mbele ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, nikiisikia redioni na kudhani ni ya makampuni ya simu.

Tulichobadilisha. Turubai lilishushwa siku ileile. Ramani ya hadharani sasa inaonyesha vichochoro, nyumba hazionekani. Ya nyumba moja moja iko kwenye daftari moja kwa mjumbe na kwenye faili lenye nywila. Vyoo havimo kabisa kwenye ramani ya hadharani. Kila aliyerekodiwa anasikilizishwa sauti yake iliyokwisha kukatwa, anaambiwa mahali itakapopigwa, na anaulizwa tena baada ya siku mbili, akiwa peke yake, kwa sababu mtu akiulizwa mbele ya watu hukubali kwa adabu. Kati ya sauti 22, saba zimeondolewa na wenyewe. Nne kati ya hizo ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote. Basi.

Jina la mtaa nimelifuta kwenye shajara hii leo.

10 Februari 2024. Bibi wa kichochoro cha Nne

Mkutano wa mtaa umekaa. Turubai jipya, 45,000, vichochoro vinne, rangi nne. Wapangaji walikuja zaidi ya tulivyozoea kuwaona, maana tuliomba mkutano uwe Jumamosi alasiri na mwenyekiti, namshukuru, akakubali.

Tulikuja kuomba mtaro wa cha Nne upanuliwe. Tukaambiwa hakuna fedha, jibu tulilokuwa tumejiandalia. Lililotokea ni kwamba bibi mmoja, ambaye sauti yake ilikuwa imepigwa muda huohuo, alinyanyuka kuimalizia mwenyewe, maana alisema tuliikata pabaya. "Mimi sikuomba mtaro mkubwa. Nilisema mkizibua huko juu, mnatuzamisha huku chini. Hawa wajukuu wakaikata."

Kweli tuliikata. Ilionekana ni lawama tu, tukabakiza kipande cha kuku walioelea na banda lao.

Usiku ule nilichukua daftari la mjumbe, ambamo ameandika kila usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikaliweka pembeni ya majibu yetu ya "mara ya mwisho maji kuingia". Mwaka mzima usafi wetu huanzia barabarani. Huko ndiko viongozi hufika, ndiko picha hupigwa, na saa nne jua likiwaka watu wamechoka, hakuna anayefika cha Tatu. Kwa hiyo juu mtaro unakuwa mweupe, maji yanashuka mbio, yanakutana na tope na mifuko chini, yanapanda vyumbani. Mara mbili kati ya tatu ambazo watu wa cha Nne walizitaja, mvua ilikuwa imenyesha ndani ya wiki moja baada ya usafi. Mara tatu si nyingi, siwezi kuziapia. Lakini bibi yule alikuwa ameshaliona hili bila jedwali.

Pendekezo likabadilika, na halikuhitaji bajeti: tuanzie mtoni, tupande.

11 Mei 2024. Baada ya masika

Usafi wa 24 Februari na wa Machi ulianzia chini. Watu wa maduka walinung'unika, wengine hawakuja. Mara ya kwanza tulikosea tena: tope tulilitoa tukalirundika kando ya mtaro, mvua ya usiku ikalirudisha lote. Mara ya pili tulikodi guta kulihamisha. Glovu, mabuti na guta kwa pamoja ni 86,000.

Kisha masika yenyewe. Imekuwa mbaya nchi nzima. Mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu alitaja vifo 155, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikagonga pwani. Sisi tumelowa, hatujazika.

Wiki hii tumezungukia vyumba tena. Cha Nne, vilivyoingiliwa na maji ni 58. Mwaka jana vilikuwa 71. Na wengi wanasema yaliondoka siku hiyohiyo. Cha Tatu kimezidi kuwa kibaya, kwa sababu tulipoangalia tukakuta mtu amejenga ukuta wa kifusi na viroba vya mchanga kulinda nyumba yake mwezi Machi, na maji yamegeukia kwa jirani wanne. Ramani yetu ya Oktoba haiujui huo ukuta. Ilikuwa imezeeka kwa miezi mitano.

Siwezi kusema ni usafi uliopunguza vyumba 13. Mvua ya mwaka huu na ya mwaka jana hazilingani, na hatuna kipimo chetu cha mvua. Tulikitengeneza, chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa na kuwekwa juu ya bati la mjumbe. Siku ya tatu watoto waliishusha wakafugia samaki.

Fedha mpaka leo: steshenari 32,000, posho 600,000 kwa awamu zote mbili, bando 60,000, tepu 7,000, spika 20,000, maturubai mawili 90,000, usafi 86,000, kodi ya dada 50,000. Jumla 945,000. Imetoka kwenye michango yetu na kwa wenye maduka wawili, mmoja wao ni yule wa kidole kwenye turubai. Ungeniuliza Juni mwaka jana nani atatoa, nisingemtaja.

14 Desemba 2024. Uchaguzi

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa 27 Novemba. Mwenyekiti ni mpya, wajumbe wamebadilika. Barua zetu hazionekani ofisini, turubai halionekani. Daftari la mjumbe wa zamani liko salama kwa mkewe, kabatini chini ya vitenge. Tumetengeneza nakala tatu, bila ya majina. Swali la kwanza la ofisi mpya lilikuwa "Nyie wa chama gani?"

Ukianza mradi kama huu mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, ujue barua utaziandika mara mbili.

15 Februari 2025

Usafi wa mwezi huu ni wiki ijayo na utaanzia mtoni. Mwenyekiti mpya amekubali baada ya bibi kwenda ofisini mwenyewe, sisi tukiwa bado tunachapa barua. Simulizi yake tumeikata upya, kwa dakika na sekunde alizochagua, na kuku hawamo.

Ukuta wa kifusi wa cha Tatu bado upo. Mwenyewe amekubali kuacha upenyo wa futi mbili, ila anataka jirani wachangie bomba. Majadiliano yanaendelea, hayaendi haraka.

Leo asubuhi nilipita vyumba ishirini vya cha Nne na tepu, kabla mvua hazijaanza. Vingi viko vilevile. Kwa fundi cherehani kila mguu wa kitanda umebaki na matofali mawili, mengine mawili yako nyuma ya mlango. Nikamwuliza mbona hakuyatoa yote.

"Masika bado," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.